Bikoni ya chombo ipo. Je, ninunue yangu?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Lang'ata, Nairobi. Nilijifunza mashua za tanga Naivasha, kisha nikaanza kushindana pwani, Kilifi. Sasa nimealikwa kuwa baharia wa nne kwenye katamarani (chombo cha miili miwili) ya futi 45 itakayoshindana kutoka Cape Town kuvuka Atlantiki. Nahodha anasema chombo kina EPIRB mpya, yaani bikoni ya chombo kizima inayoomba msaada kupitia setilaiti, kwa hiyo hakuna haja ya kila mtu kubeba bikoni yake ya dharura. Mamangu ameniuliza jambo moja tu: mkipinduka huko, nani atajua na nani atakuja? Sikuwa na jibu. Je, EPIRB ya chombo inatosha?

JIBU: Dada yangu, haitoshi. Na hiyo EPIRB moja anayoitegemea nahodha huenda nayo isiwafae, hata iwe mpya namna gani, mpaka mjue itakuwa wapi chombo kikiwa juu chini. Hilo ndilo la kwanza kuuliza, kabla ya bei na kabla ya aina ya kifaa, na mabaharia wengi wa katamarani huliruka.

EPIRB ilibuniwa kwa kuifikiria meli inayozama. Ukiiwasha kwa mkono, au ikitoka kwenye kishikizo chake na kugusa maji, inarusha ishara katika masafa ya 406 MHz kwa takribani nusu sekunde kila baada ya sekunde 50, na betri yake inatakiwa ihimili angalau saa 48. Zile zinazofungwa ndani ya kasha la kujifungua zina kifyatuzi kinachohisi mgandamizo wa maji. Meli ikishashuka kina cha kati ya mita 1.5 na 4, kifyatuzi hukata pini, kasha hufunguka, na bikoni huelea hadi juu. Kwa meli ya chuma mpango huo ni mzuri sana.

Katamarani haizami hivyo. Haina mkuku mzito wa kuivuta chini, wala wa kuisimamisha tena ikilala. Uthabiti wake wote unatokana na upana. Upepo ukizidi, mwili mmoja huanza kuinuka majini, na hapo ndipo nguvu ya kujirudisha hufikia kilele chake. Mwili ukiendelea kuinuka, nguvu hiyo hupungua badala ya kuongezeka. Ndiyo maana usiku wa dhoruba lazima mtu mmoja awe na demani, kamba inayoshikilia tanga, mkononi, tayari kuiachia. Au chombo kinateremka wimbi kwa kasi, omo (mbele) linachimba maji, tezi (nyuma) inapanda angani na chombo kinapinduka kwa mbele. Kwa vyovyote vile kikishapinduka hutulia hivyo hivyo, mlingoti ukielekea chini, na hakirudi chenyewe.

Sasa ifikirie EPIRB iliyofungwa kwenye reli ya tezi katika kasha lake la kujifungua. Chombo kikiwa juu chini, hiyo reli iko majini kwa kina kidogo tu. Huenda mgandamizo usitoshe kufyatua chochote. Na ukitosha, bikoni itapanda na kukwama chini ya wavu wa katikati au chini ya sitaha, mahali ambapo antena yake haioni anga. Ishara ya 406 haipenyi maji ya chumvi, na kaboni ambayo vyombo vingi vya mashindano hutengenezwa nayo huizuia vilevile. Mnakuwa na kifaa kipya, betri nzima, taa inawaka, na hakuna setilaiti hata moja inayosikia kitu.

Kwa hiyo kwenye katamarani mimi nataka EPIRB ya kutoa kwa mkono, ifungwe ndani, pembeni ya kilango cha dharura kilicho kwenye mwili wa chombo, mahali ambapo mtu anafikia akiwa amesimama kawaida na pia akiwa amesimama juu ya dari. Ikishawashwa isiachwe ndani. Itolewe kwa kilango, ifungwe kwa ile kamba yake fupi juu ya tumbo la chombo lililogeuka, antena ikitazama juu, na iachwe ifanye kazi. Wengine huizima baada ya saa chache wakidhani wanatunza betri. Usifanye hivyo, waokoaji wanaifuatilia ikiwa hai, kwa sababu upepo na mkondo vinawasogeza kila saa. Jambo jingine kuhusu hiyo kamba: kabla ya dharura isifungwe kwenye chombo. Nimeikuta imefungwa kwenye reli zaidi ya mara moja, na aliyeifunga alidhani anazuia isipotee. Kazi ya kamba huanza bikoni ikishakuwa nje ya kishikizo.

Kwa sababu katamarani iliyopinduka huelea, watu wanaweza kuishi juu yake au ndani yake kwa muda mrefu, wakijulikana walipo au wasijulikane. Juni 1989 trimarani (chombo cha miili mitatu) iitwayo Rose-Noëlle, iliyokuwa ikitoka New Zealand kwenda Tonga ikiwa na wanaume 4, ilipinduka. Walikuwa na bikoni ya kizamani. Iliita mpaka betri ikafa, na hakuna aliyekuja. Waliishi ndani ya chombo kilichogeuka kwa siku 119 hadi mkondo ulipowatupa kwenye kisiwa cha Great Barrier, New Zealand, wote wanne wakiwa hai. Linganisha na Groupama 3, trimarani kubwa ya Kifaransa iliyopinduka karibu na New Zealand Februari 2008 ikiwa kwenye jaribio la kuvunja rekodi ya kuzunguka dunia: mabaharia 10 walichukuliwa na helikopta wakiwa juu ya chombo chao. Katika visa vyote viwili chombo kiligeuka lakini kikaendelea kuelea, na walioshikamana nacho walipona. Usikiache chombo kilichopinduka ukaingia kwenye boya la kujiokoa ila kikiwa kinavunjika kabisa au kinaungua.

Bikoni za kizamani kama ile zilitumia masafa ya 121.5 MHz. Tangu Februari 1, 2009 setilaiti haziyasikilizi tena. Bikoni za leo bado hutoa ishara ndogo ya 121.5, lakini hiyo ni ya kumwongoza rubani au meli wanapokuwa karibu. Nasema hivi kwa sababu vifaa vilivyotumika huuzwa pamoja na vyombo vikuukuu, na si kila muuzaji atakuambia. Kama kwenye lebo hakuna 406, hicho usikihesabu kabisa.

Sasa swali la mama. Mfumo unaosikiliza unaitwa Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, wakati nchi hizo hazikuwa zikielewana kwa mambo mengi. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1982, na mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, watu waliokuwa kwenye ndege ndogo iliyoanguka Kanada wakaokolewa kwa ishara yake. Leo setilaiti zake ziko za aina tatu. Za chini huzunguka na kupita, kwa hiyo waweza kuisubiri moja ipite juu yako. Zile zilizosimama juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000, husikia mara moja lakini haziwezi kukadiria ulipo kama bikoni yenyewe haina GPS. Na siku hizi vipokezi vimewekwa kwenye setilaiti zilezile za GPS na za Galileo, mfumo kama huo wa Ulaya, na hizo husikia haraka na pia hukokotoa mahali. Hata hivyo nunua bikoni yenye GPS ndani. Bila GPS, waokoaji hupewa eneo la kilomita kadhaa. Wakiwa na GPS wanapewa mita mia moja hivi, na kwenye bahari iliyochafuka tofauti hiyo ni kubwa mno.

Ishara ikishapokelewa inashuka kwenye kituo cha ardhini, inapelekwa kwa kituo cha uratibu wa uokoaji kinachohusika na eneo mlipo, na pia inajulishwa nchi ambayo namba yake imo ndani ya bikoni. Mkiwa upande wa Afrika wa Atlantiki ya Kusini, kituo hicho ni cha Cape Town. Mngekuwa karibu na kwetu ingekuwa Mombasa, ambako kituo cha kanda kilifunguliwa mwaka 2006 chini ya Kenya Maritime Authority. Hao wa kituo ndio wanaoamua nani atumwe. Karibu na pwani ni helikopta au boti za uokoaji. Zaidi ya maili 200 hivi helikopta haiwezi kwenda na kurudi, kwa hiyo wataita meli ya mizigo iliyo karibu zaidi igeuze njia, na sheria ya bahari inamlazimu nahodha wake kuitikia. Desemba 2000 katamarani kubwa Team Philips ilivunjika katika dhoruba katikati ya Atlantiki, na mabaharia wake 7 walichukuliwa na meli ya makontena ya Kijerumani. Wakati mwingine anayekuja ni mshindani mwenzako. Novemba 30, 2020, katika Vendée Globe, mbio za kuzunguka dunia kila mtu peke yake chomboni, boti ya Kevin Escoffier ilikunjika na kuzama upesi mno kusini magharibi mwa Cape Town. Jean Le Cam, aliyekuwa akishindana naye, alielekezwa huko, akampata, akampoteza gizani kwenye mawimbi, na mwishowe akampakia usiku, Escoffier akiwa amekaa ndani ya boya kwa muda wa saa 11 hivi.

Mwambie mama hivi basi: watajua ndani ya dakika chache, lakini kufika kunaweza kuchukua saa nyingi, na katikati ya bahari hata siku. Kinachokuweka hai katika muda huo ni nguo, joto, maji ya kunywa, na kukaa na chombo. Nje ya Cape Town mkondo wa Benguela ni wa baridi kali. Mtu aliyezoea maji ya Kilifi akiingia humo bila suti ya kujikinga, vidole humfa ganzi mapema sana, na vidole ndivyo vinavyofungua bikoni.

Mama ana kazi ya kufanya pia, na ni kubwa. Ishara nyingi za bikoni zinazopokelewa duniani ni za bahati mbaya: mtu ameigonga, ameiosha, ameitupa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kituo ni kupiga simu kwa namba zilizosajiliwa. Akipatikana mtu anayesema, "Ndiyo, yuko baharini, chombo ni cheupe chenye tumbo la rangi ya chungwa, wako wanne, waliondoka Jumamosi," msako unaanza ukiwa na taarifa kamili. Simu isiposhikwa, wanaanza kubahatisha. Najua Nairobi watu hawashiki namba za ng'ambo wasizozijua, na wana sababu, matapeli ni wengi. Mfundishe mama kwamba katika wiki hizo namba yoyote ya kigeni, hasa inayoanza na +27 ya Afrika Kusini, aishike. Mwandikie karatasi: jina la chombo, rangi za juu na za tumboni, idadi ya watu, njia mnayofuata, dawa unazotumia, namba ya waandaaji wa mashindano. Weka na mtu wa pili kwenye usajili, anayelala na simu ikiwa imewashwa.

Usajili ndio unaounganisha bikoni na hizo namba. Kila bikoni ina utambulisho wa herufi na tarakimu 15, na ndani yake mna namba ya nchi. Ya Kenya ni 634, ya Afrika Kusini 601. Ukinunua PLB, yaani bikoni ndogo ya kubebwa na mtu mmoja, mtandaoni kutoka Uingereza, kwa kawaida itakuja na namba ya Uingereza, na ishara yake itawafanya watu watafute jina lako kwenye daftari la huko. Kama hukujisajili huko, watakuta ukurasa mtupu. Kabla ya kulipa, zungumza na Kenya Maritime Authority kuhusu usajili, kisha mwambie muuzaji aiwekee namba ya Kenya. Na EPIRB ya chombo nayo muulize nahodha: imesajiliwa kwa jina la nani? Chombo kinapouzwa, mara nyingi bikoni hubaki na jina na simu ya mwenye zamani.

Nimefika kwenye bikoni yako mwenyewe. EPIRB ni ya chombo, na haikufuati ukianguka majini. Mwaka 1986, katika Route du Rhum, mbio za kuvuka Atlantiki kila mtu peke yake, katamarani Royale II ya Loïc Caradec ilikutwa imepinduka na mshindani mwenzake, Florence Arthaud. Chombo kilikuwa kinaelea. Caradec hakuonekana tena. Nahodha wako anaposema kifaa kimoja kinatosha, anafikiria mtakuwa wote mahali pamoja, na bahari haimwahidi hivyo.

Piga hesabu. Katamarani yenu ikikimbia noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa), dakika moja ni zaidi ya mita 600. Watakaobaki juu wanahitaji dakika kadhaa kushusha tanga na kugeuka, na kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya mita 4 hakionekani hata kwa mita 200. Katika hali hiyo Cape Town haiwezi kukusaidia kwa wakati. Wanaoweza ni wale watatu uliowaacha. Ndiyo maana kama pesa ni ya kifaa kimoja tu, ningeanza na bikoni ya AIS, mfumo wa redio ambao vyombo hujulishana vilipo, inayofungwa ndani ya jaketi la kuokolea na kujiwasha jaketi likijaza hewa. Haipiti kwa setilaiti. Inatuma mahali ulipo moja kwa moja kwenye skrini ya chombo chenu na ya kila chombo kilicho karibu, maili 4 au 5 hivi. PLB ya 406 yenyewe inafika kwa setilaiti popote ulipo, kwa angalau saa 24, lakini huwashwa kwa mkono, na nyingi haziwezi kuelea antena ikiwa wima, kwa hiyo lazima uishike juu ya maji au uifunge begani. Siku hizi zipo PLB zenye AIS ndani yake. Ni ghali zaidi, nami ningekushauri ununue hiyo hata kama itabidi uache kununua nguo mpya za mashindano.

Baadhi ya vifaa vipya pia vina taa inayowaka kukujulisha kwamba ishara yako imepokelewa. Huduma hiyo ya Galileo ilianza rasmi 2020. Kwa mtu aliye peke yake gizani ni faraja halisi, ila fahamu inamaanisha nini: mfumo umesikia. Haisemi kwamba meli imeshageuka.

Simu ya mkononi isahau mkishaliacha pwani. Simu ya setilaiti na kifaa cha kufuatilia mashindano ni vizuri kuwa navyo, maana kuongea na daktari au kituo ni bora kuliko mlio tu. Intaneti ya setilaiti ya Starlink pia, ikiwa chombo kimesimama wima na kina umeme. Chombo kikipinduka, betri ziko majini na sahani inatazama sakafu ya bahari. Usiruhusu mtu akuambie kimoja kati ya hivi kinachukua nafasi ya 406.

Kuna hatari moja ya katamarani ambayo bikoni haitatui. Mkanda unaokufunga kwenye chombo ndio unaozuia usianguke, nami nauunga mkono usiku na kwenye upepo mkali bila mjadala. Lakini chombo kikigeuka ghafla mkanda huohuo unaweza kukushikilia chini ya wavu, na jaketi lililojaa hewa linakusukuma juu kwenye wavu huo huo. Mkanda wako lazima uwe na kifunguo upande wa kifuani kinachofunguka hata ukiwa umevutwa kwa uzito, na kisu kiwe mahali mkono wowote unafikia. Kifunguo hicho kifanyie mazoezi kwenye bwawa la kuogelea hapa Nairobi kabla hujasafiri: macho yamefungwa, kichwa chini ya maji, fungua. Rudia mpaka mkono uwe unakwenda wenyewe.

Kwa nahodha, kaa naye chombo kikiwa bandarini mjifunze pamoja. Mwombe awaonyeshe kilango cha dharura kikifunguka, si kwenye picha. Mwombe kila mmoja aonyeshe kwa kidole EPIRB ilipo, kisha aonyeshe itakuwa wapi dari ikiwa sakafu. Nani anachukua begi la dharura, nani bikoni, nani anahesabu watu? Angalia tarehe ya betri na ya kifyatuzi kama kipo, maana kifyatuzi hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Angalia kama tumbo la chombo lina rangi kali inayoonekana kutoka angani. Jaribu bikoni kwa kitufe cha majaribio tu, kamwe usiiwashe kweli. Ikiwaka kwa bahati mbaya, izime na uwapigie wa kituo mara moja, wanashukuru kuambiwa. Nahodha mzuri atafurahia maswali haya. Akiyaona ni usumbufu, au akikataa wengine wasibebe bikoni zao, mimi nisingepanda chombo hicho, na ningekuomba nawe usipande.

Mwisho ni uwanja wa ndege. PLB ibebe kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa ina betri ya lithiamu, na uifunge vizuri isije ikawaka. Jaketi la kujijaza hewa lina kichupa cha gesi ya kaboni dioksidi. Mashirika mengi huruhusu jaketi moja lenye vichupa vidogo viwili na viwili vya akiba, lakini kwa idhini yao. Waandikie wiki moja kabla, uchapishe jibu, uwe nalo mkononi ukifika kwenye ukaguzi wa JKIA. Wakikuzuia kichupa hapo, utafika Cape Town na jaketi lisilojaa, kwa hiyo mwombe nahodha akuwekee vichupa vya saizi yako huko.